Nyamaza Mama, Nyamaza

Odette alikuwa amelia mbele za watu mara nyingi mno, hata kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka ilimzoea kama ilivyozoea kengele ya ibada. Kikundi chochote cha théâtre, michezo ya jukwaani, kilichohitaji mama wa kulia kilimfuata barazani kwake, naye alisimamisha cherehani, akapiga mwayo, akakubali. Hakuna aliyewahi kumpa sehemu nyingine. Alikuwa na sauti ya kilio inayofika mpaka bombani, wakasema, sasa kuna haja gani ya kumbadilisha?

Mwaka huu alikuja Rodrigue, kijana wa Uvira aliyejifundisha mashairi mwenyewe, akihesabu mizani kwa vidole hata anapopanga foleni ya maji. Alikuwa ametunga tamthilia nzima kwa beti juu ya watu waliokimbia vita kutoka Fizi, kule Kongo, na kanisa moja la Wakongo wa Kawale, kule Lilongwe, lilimwalika aje na kikundi chake kuionyesha Jumamosi. Sehemu ya Odette ilikuwa fupi. Mama anaingia na mzigo kichwani. Anautua. Anaweka mikono kichwani na kulia. Ndipo Chef wa kijiji anamwambia:

Nyamaza mama nyamaza, wanaume tunapanga.

Baada ya hapo wanaume wanapanga njia ya kukimbilia mpaka mwisho, na mama amekaa chini.

Odette aliusikiliza mstari huo akiwa bado ameshika mkasi. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza katika miaka yake yote ya kulia.

“Huyu mama iko naitwa nani?”

“Mama,” Rodrigue akasema. “Iko Mama tu. Kila mutu anamujua mama.”

Kwa mtu wa mbali hilo lingekuwa jambo dogo. Lakini théâtre zao zina desturi yake: ikiisha, waigizaji wote wanasimama mstari mmoja, kila mmoja anatangaza alikuwa nani ndani ya mchezo na yeye mwenyewe ni nani nje ya mchezo. Wanaume hupigiwa makofi kwa majina mawili mawili. Odette, ambaye kambini wote wanamwita kwa jina la binti yake, kila mara alisema: nilikuwa Mama, mi ni Mama Lucie. Alishuka na mama wawili, bila jina hata moja la kwake.

Kwa hiyo alimweleza Rodrigue kwa upole. Alimwambia kwamba yeye aliitembea njia ile kwa miguu yake, Lucie mgongoni, wakati Rodrigue mwenyewe alikuwa mtoto wa kubebwa. Walipofika njia panda, kabla ya kushuka mji wa Baraka, wanaume walisimama kubishana, huyu anataka kulia, huyu kushoto, na risasi zinasikika nyuma. Aliyechagua njia alikuwa jirani yake, Maombi, mwanamke aliyekuwa na sufuria na blanketi kichwani. Alishika ya kushoto akaenda. Wanawake wakamfuata, na wanaume wakafuata wakiwa bado wanabishana. Maombi alizikwa Tanzania. Odette hakuomba makubwa. Aliomba mama wa kwenye mchezo aitwe Maombi, na asilie.

Rodrigue alivuta pumzi kama mtu aliyetukanwa. Njia, alisema, ilichaguliwa na Chef. Baba yake alimsimulia hivyo, na wazee wote walimsimulia hivyo. Isitoshe, beti zake ziliungana kama matofali, mizani nane kwa nane, na kilio kile ndicho kilichozishika zote.

“Mama Lucie, ukitosha kilio, ukikiondoa tu, nyumba yote inaanguka.”

“Basi mukijenga ingine, mutafute mwingine wa kulia,” Odette akamwambia, na akarudi kwenye cherehani. “Hii ya Jumamosi, mi nitakuja. Lakini njo ya mwisho.”

Alisema hivyo bila hasira. Hasira inataka nguvu, na wiki hiyo nguvu zake zote alizimalizia kwenye sare za shule, mashati juu ya mashati, mpaka shingo ikakakamaa.

Jumamosi wakaenda Kawale. Kwa kuwa kikundi hakikuwa na vifaa, mzigo wa mchezo ulikuwa wa kweli: sufuria ya Odette mwenyewe, sahani zake, blanketi lake, vyote vimefungwa ndani ya kitenge. Ukumbi ulijaa. Kwenye mabenchi ya mbele walikaa kina mama wa Bukavu, wengine wametoka moja kwa moja kwenye meza zao za sokoni na bado wana mifuko mapajani. Rodrigue alisimama mlangoni na karatasi zake, midomo ikicheza, anayasema maneno ya kila mtu.

Odette aliingia. Alikuwa ameamua kutii, na hilo ni kweli. Alifika katikati ya jukwaa, mahali pa kutua mzigo, akainua mikono ili aushushe. Hapo akafikiria kwamba akishautua, itabidi auinue tena. Akasikia uchovu umemshika kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo, uchovu wa njia ile ya zamani na wa mashati ya wiki hii umekuwa kitu kimoja. Mikono ikarudi chini. Akabaki amesimama, mzigo kichwani, macho makavu.

Fabien, fundi viatu aliyeigiza Chef, alisubiri kilio. Mstari wake ulikuwa umening’inia kwenye kilio hicho. Alikohoa. Alimtazama Rodrigue, akamtazama Odette, kisha akanyoosha kidole kama alivyofundishwa.

“Nyamaza mama nyamaza, wanaume tunapanga.”

Ukumbi ulikuwa kimya kabisa, na mama aliyeambiwa anyamaze hakuwa amefungua kinywa. Kwenye benchi la mbele mwanamke mmoja mwenye mfuko wa dagaa akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

“Anyamaze tena namna gani? Na hata hajasema.”

Kicheko kilianzia kwake kikaenda mpaka nyuma. Wanaume wa jukwaani wakaendelea kupanga, sauti zikizidi kupanda, kulia, kushoto, mizani nane kwa nane. Odette aliwasikiliza kidogo. Kisha akapita katikati yao, akashuka kwa upande wa kushoto, taratibu, kwa sababu sufuria ilikuwa nzito. Fabien alibaki akiwa na kidole hewani. Mwishowe aliokota fimbo yake akamfuata, na wenzake, wasiojua la kufanya, wakamfuata Fabien. Jukwaa likabaki tupu. Watu wakadhani ndivyo ilivyoandikwa, wakapiga makofi.

Walipopanga mstari, Odette aliposikia zamu yake imefika, alisema:

“Mu théâtre nilikuwa Maombi. Jina yangu ni Odette.”

Walirudi kwa minibasi. Waliposhuka kwenye njia ya kambi, wanaume walitangulia, wakibishana nani aliharibu mchezo na ungepaswa kuisha vipi. Odette alijitwisha sufuria yake akawafuata. Baada ya muda akasikia hatua nyuma yake.

“Umebomoa beti zangu,” Rodrigue akasema.

“Ndiyo.”

“Zote.”

“Ndiyo, mtoto wangu. Nilizisikia zikianguka.”

Walitembea. Kijana alitazama migongo ya wanaume kule mbele, akautazama mzigo, akanyoosha mikono. “Lete nibebe.”

“Acha. Ukiubeba we, kesho utaandika kama ni we uliubeba toka Fizi.”

Odette alidhani kijana atakasirika, lakini hakukasirika. Alirudisha tu mikono mfukoni. Walipokaribia nyumba za kwanza ndipo akauliza, sauti imeshuka, Maombi alisema nini pale njia panda, kabla hajaondoka.

Odette angependa kumpa neno kubwa, la kufaa ubeti. Hakuwa nalo.

“Alisema: mi nimechoka kusimama.”

Rodrigue akatoa mkono mfukoni. Akahesabu kwa vidole, akarudia.

“Ni tisa,” akasema. “Imezidi moja.”

“Iache izidi,” Odette akasema, akaurekebisha mzigo kichwani, akakata kona ya kwake.