Mama wa Bibi Harusi Asiguse Kamera

Sharti lilitolewa na Advera, mama wa bwana harusi Samweli, kwenye kikao cha mwisho cha harusi, mbele ya watu kumi na saba na sahani za karanga. Alisema familia yake ingeleta mpiga picha wake kutoka Dar, na kwamba siku hiyo mama wa bibi harusi asiguse kamera. Hakutaka, alisema, kumwona mkwe wake akizunguka meza za wageni kama muuza vitumbua.

Watu walimgeukia Marcelina wakingoja moto. Marcelina, mama wa bibi harusi, ana studio ya picha Kanyenye, Tabora mjini, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na ulimi wake unajulikana kuliko studio. Lakini alijibu neno moja tu: sawa.

Advera aliondoka akijua ameshinda. Hakujua kwamba sharti lile Marcelina angelitafuta mwenyewe kama lisingeletwa. Ubatizo wa binti yake Jenifa, kipaimara, mahafali ya chuo cha uuguzi, picha zote zipo nyumbani, na katika zote mama hayupo, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa anapiga. Usiku mmoja kabla ya kikao alizitafuta picha za yeye na binti yake wakiwa wawili. Alipata mbili. Katika moja Jeni ana miezi minne. Nyingine ilipigwa na jirani, na Marcelina ameishia mabegani, kichwa kimekatwa.

Kwa hiyo alitaka picha moja. Asimame wima karibu na mwanawe aliyevaa shela, ipigwe na mtu anayejua kazi, aitundike ukutani. Alishona gauni la rangi ya zabibu, akasuka, akanunua viatu ambavyo mtu wa kazi yake, wa kupiga magoti kwenye vumbi, hana pa kuvivalia.

Siku yenyewe, Jumamosi ya Januari, mvua ilianza katikati ya viapo. Ilipiga mabati ya kanisa mpaka mchungaji akalazimika kupaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Ibada ilipokwisha, saa saba, watu walijazana barazani wakitazama uwanja ukigeuka bwawa.

Marcelina aliona hakuna tatizo. Baraza la kanisa lilikuwa pana, ukuta wake mweupe, na wingu zito lilikuwa linatoa mwanga laini ambao haumfanyi mtu akunje uso. Alisema picha zipigwe hapo hapo, nusu saa, watu waende ukumbini ambako Festo, mumewe, alikuwa tayari anapokea wageni.

Advera alisema hapana. Ratiba ilisema picha ni kwenye ile nyumba ya zamani, njia ya Kwihara, yenye mlango wa nakshi na kuta nene za enzi za misafara. Kaliua nzima, kwao Advera, ilikuwa imeshaambiwa hivyo. Marcelina akamkumbusha kwamba kabla ya nyumba ile kuna korongo, na korongo hilo likipata mvua ya saa moja halipitiki. Advera hakumjibu yeye. Aligeuka kwa dada zake watatu, akasema kwa sauti ya kutosheleza baraza zima:

"Mvua hii sisi hatukutoka nayo Kaliua. Muulizeni bibi harusi kama kwao kulikuwa na sahani, au alikuwa anakomba masufuria."

Dada zake wakacheka. Kila mtu huku amesikia tangu utotoni kwamba msichana anayekomba ukoko atanyeshewa siku ya harusi yake. Ni utani wa jikoni, mama humwambia mtoto ili aache sufuria iloweke. Ila Advera hakuwa anatania. Alikuwa anasema Jenifa ametoka kwenye nyumba ya njaa.

"Alikomba sana, mkwe," Marcelina akasema. "Ndiyo maana amekuwa mrefu kuliko mwanao."

Hakuna aliyecheka safari hii. Samweli, ambaye kweli ni mfupi, alitazama viatu vyake. Jenifa alitazama mvua. Tangu asubuhi alikuwa hajasema zaidi ya viapo.

Walikwenda magari matatu. Maharusi na Marcelina walipanda gari la Wilbroad, dereva wa siku nyingi ambaye njia zote za Tabora anazijua kwa mashimo yake. Leodgar, mpiga picha wa Dar, alipanda gari la Advera lenye kiyoyozi, na begi lake la lenzi amelipakata kama mtoto. Korongo lilikuwa limeanza kutembeza maji. Wilbroad alisimama, akashusha kioo, akalitazama, kisha akapita.

Walipofika, upande wa Kaliua uliteremka kwanza ukakimbilia barazani. Leodgar akafungua begi, akainua kamera, akaishusha. Lenzi ilikuwa nyeupe kama kioo cha bafu. Akaifuta kwa leso, ikarudi nyeupe. Akabadilisha lenzi pale pale huku upepo ukirusha manyunyu, na ya pili ikawa kama ya kwanza. Ya tatu vilevile.

Marcelina aliliona kosa kabla kijana hajamaliza kufungua zipu. Kioo kilichokaa njia nzima kwenye ubaridi wa gari, ukikitoa ghafla kwenye joto la mvua, lazima kitoke jasho, na hakuna leso ya kulikausha. Dawa yake ni kungoja mpaka kipate joto. Angeweza kulisema hilo kanisani. Hakuulizwa.

Leodgar alikiri mwenyewe, kwa heshima, kwamba angehitaji kama nusu saa. Na droni, je? Droni hairuki kwenye mvua. Simu zikatolewa, lakini vioo vyake vilikuwa vimelowa na havisikii vidole, na kwenye giza la baraza lile nyuso zilitoka kama za watu walio ndani ya moshi. Advera alitaka picha ya kujaza ukuta wa sebule. Alizitazama zile za simu, akamrudishia dada yake simu yake kana kwamba imenuka.

Ndipo Wilbroad alipokuja akiwa amejifunika gunia la nailoni kichwani. Alisema maji yamefika kwenye lile jiwe kubwa. Wakikaa zaidi ya robo saa watalala hapa, na shela lao.

Kisha Advera akasema, bila kumtazama mtu, "Mkwe, wewe si una kamera."

"Nimekatazwa kuigusa."

"Nimekuruhusu."

Kamera ilikuwa kwenye buti la Wilbroad. Sharti lilisema asiiguse, halikusema iachwe nyumbani. Na buti halina kiyoyozi. Marcelina hakuifuata mara moja. Alisema anapiga picha zote wanazotaka, lakini ya mwisho ni yake. Atasimama na Jeni, wawili tu, na Leodgar ndiye atakayebonyeza. Advera akapunga mkono, maana yake haya, haya, fanya haraka.

Akafanya haraka. Alivua viatu. Aliivika kamera mfuko wa plastiki, akautoboa tundu la lenzi, akaufunga kwa mpira wa nywele. Miavuli myekundu na ya kijani ya akina shangazi aliikusanya yote akaiweka chini, kwa sababu mwavuli mwekundu humpaka mtu uso mwekundu, akabakiza mmoja mweupe. Maharusi aliwasimamisha mlangoni, nyuso zikiutazama mwanga. Alimpa Leodgar flashi akamwambia asimame uani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi, aielekeze huku ili matone yang'ae. Kijana alilowa chepechepe na hakulalamika. Marcelina alimpenda kidogo kwa hilo.

Picha za maharusi zilichukua dakika nne. Halafu zikaanza za Advera. Advera na mwanawe. Advera na maharusi. Advera na dada zake, dada zake na waume zao, dada zake bila waume zao, halafu Advera peke yake ameshika ua la bibi harusi. Kila Marcelina aliposema ya mwisho, alitokea shangazi aliyesahaulika. Wilbroad akapiga honi.

"Tunaondoka," Advera akasema. "Bibi harusi, ndani ya gari."

"Bado yangu," Marcelina akasema.

"Utapigwa ukumbini."

Ukumbini kulikuwa na watu mia tatu na taa za zambarau. Marcelina alimtazama Advera akikunja pindo la gauni lake tayari kuteremka, na akaelewa kwamba picha hii haikusahaulika kwa bahati mbaya. Akafungua kifuniko cha chini cha kamera, akachomoa kadi, akaitumbukiza kifuani.

"Picha zenu zote ziko hapa," akasema. "Nendeni."

Samweli alianza kusema mama, tafadhali, na haikujulikana anamwambia mama yupi. Advera alirudi hatua zile alizokuwa ameteremka.

"Mnaona tumeoa wapi," akawaambia dada zake. "Kwa mwizi."

"Mwizi angekuwa anakimbia. Mimi nimesimama."

"Mama," Jenifa akasema.

Wote wakamgeukia, kwa sababu sauti yake ilikuwa imesahaulika.

"Rudisha kadi."

"Ukishasimama na mimi."

"Rudisha kwanza. Mimi si rehani."

Marcelina alimtazama. Kadi ndiyo ilikuwa nguvu yake yote. Akiirudisha na mtoto akaingia garini, basi imekwisha, na ukutani patabaki vile vile palivyo. Alitaka kumkumbusha ni nani aliyemlea, akaona hayo ni maneno ambayo hata Advera angeyasema. Aliitoa kadi, akairudisha mahali pake, akampa Leodgar kamera.

Jenifa akawageukia wale wa barazani, akawaomba wasogee. Hakuna aliyesogea. Shangazi mmoja alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Advera alisimama katikati ya mlango, mikono kifuani, chini ya nakshi zote zile. Jenifa aliwahesabu kwa macho, mmoja mmoja. Kisha akashika shela kwa mikono miwili akateremka ngazi, akaingia kwenye mvua.

"Jenifa, shela hilo limetoka Dar," Advera akasema.

"Limefika Tabora," Jenifa akajibu bila kugeuka.

Marcelina akamfuata miguu mitupu. Maji yalimwingia kwenye nywele, shingoni, mgongoni. Udongo mwekundu ulikuwa umeshaanza kupanda kwenye pindo la shela. Aliinua mkono amshike mwanawe kiuno, kama alivyoona mama wengine mia wakifanya mbele ya lenzi yake.

"Usinishike," Jeni akasema chini chini. "Wao, siku moja tu nimeshawazoea. Wewe ndiye uliyeniudhi."

Mkono ukashuka. Wakasimama hivyo, nafasi ya kiganja kati yao.

Leodgar akainua kamera. Marcelina aliona papo hapo kwamba kijana amepiga goti chini mno, kwamba flashi itawapiga usoni, na kwamba akibonyeza hivyo watatoka wote wawili wamefumba macho. Alijikaza. Alijiambia leo si kazi yako, nyamaza, simama, tabasamu. Alivumilia muda wa pumzi moja.

"Inuka, we kijana, inuka, na hiyo flashi..."

Kamera ikalia. Wilbroad naye akapiga honi ndefu na kuliondoa gari taratibu, na kila mtu akakimbia.

Korongo walilipita kwa shida. Ukumbini Jenifa aliingia akidondosha maji kwenye zulia jekundu, na Advera alipita meza hadi meza akieleza kwamba mama mtu ndiye aliyemsukuma mvuani. Wapo wanaoamini mpaka leo. Picha ya maharusi mlangoni, matone yaking'aa nyuma yao, imejaza ukuta wa sebule Kaliua, na wageni huambiwa ilipigwa na fundi wa Dar. Wakwe hao wawili hawajaongea tangu siku hiyo. Jambo likiwepo, hupitia kwa Samweli.

Ya Marcelina iko studio, juu ya meza, saizi kubwa kuliko zote. Shela limemganda Jeni mwilini, na jicho analomtupia mama yake ni la mtu aliyechoka kugombaniwa. Marcelina nywele zimelala kichwani, mdomo wazi, kidole kimenyooka kuelekea kamera. Anafoka. Jeni hajaomba nakala.

Wateja humuuliza kwa nini asiweke nyingine, ambayo amefunga mdomo. Huwaambia ipo hiyo moja tu, kisha huwauliza wao wanataka saizi gani.