Vipande vya Ndala

Kioo cha mbele cha Peugeot 404 ya Mzee Ndesanjo kilipotolewa pamoja na raba yake, kutu ilimwagika kwenye viti kama unga wa ulezi. Elihuruma, fundi bodi wa mtaa wa Kwa Mrombo, akacheka kwa dharau.

"Unaona kazi ya Lemomo, mzee? Nilikuambia miaka tisa iliyopita. Alichomelea fremu hii ovyo, ndiyo maana gari linajaa maji."

"Uliniambia," mzee akasema. "Nikamfuata mpaka kwake Olmotonyi, nikamwita tapeli mbele ya mkewe."

Tuseme ukweli, maneno hayo yalimpendeza Elihuruma. Zamani walikuwa na karakana moja, Lemomo akichomelea, yeye akipiga rangi. Habari za tapeli zilipoenea wateja walimkimbia Lemomo, naye akaenda zake Nduruma kulima vitunguu. Karakana ikabaki ya mtu mmoja.

Akaanza kusugua fremu kwa brashi ya waya. Cha ajabu, mshono wa Lemomo ulikuwa mzima kabisa. Kilichooza ni bati la chini yake, pale maji yanapotuama. Kwenye kona kuna vitundu viwili vya kutolea maji. Akapitisha waya kwenye cha kwanza, ukagoma. Akachokonoa kwa bisibisi mpaka kikatoka kipande cha mpira wa bluu, kimekatwa kwa kisu, juu kina rangi ya gari. Cha pili vilevile.

Elihuruma akaviweka kiganjani. Hakuna fundi mwingine ila yeye aliyeziba vitundu kwa vipande vya ndala ili rangi isiingie. Rangi ikikauka, huvitoa. Hivi viwili alisahau kuvitoa.

"Umepata nini?" mzee akauliza.

Mkono ulishaanza kwenda mfukoni. Aibu ikamshika, akafungua kiganja.

"Ni ndala zangu, mzee. Lemomo hakukosea kitu."

Mzee Ndesanjo hakugomba. Alipiga namba ya Lemomo kwenye simu yake, akampa. "Mwambie mwenyewe."

Elihuruma akaeleza yote. Upande wa pili pampu ya kumwagilia ilikuwa inanguruma.

"Nilijua tangu gari lilipoanza kujaa maji," Lemomo akasema. "Mshono wangu hauvuji. Na nani mwingine anaziba kwa ndala?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nani angeniamini? Ulishanisema wewe, niliyekula nawe sahani moja. Nikasubiri uje uvikumbuke mwenyewe. Nilisubiri mwaka wa kwanza, nikasubiri wa pili. Wa tatu nikauza mashine yangu ya kuchomelea."

"Rudi basi. Karakana ni yetu sote."

"Asante kwa taarifa, fundi," Lemomo akasema, akakata simu.

Elihuruma alibaki na simu sikioni. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja, Lemomo hakuwahi kumwita fundi. Alimwita kaka.