Upepo wa Dalmas

Serikali ilipotaka kupima upepo wa ziwani, ione kama unaweza kuzalisha umeme, ilichagua uwanja wa kaunsili chini ya Nyalenda. Zamani hapo palikuwa boma la Milka, kabla hajaambiwa kwamba ardhi ni ya umma. Alihama na kila kitu isipokuwa kaburi la mumewe, Dalmas.

"Injinia, hapo kuna mtu," alimwambia Wanyonyi, mkubwa wa kazi.

"Tutachimba, Mama. Tukipata mfupa, tutasogeza mlingoti wa kupimia."

Mfupa utoke wapi? Dalmas alizama ziwani na maiti haikuonekana. Kwa desturi ya Waluo, wakazika tunda la yago mahali pake, refu na zito, wakalililia kama mtu, ili roho yake itulie isirudi kusumbua nyumba. Vibarua walifukua tunda limekauka, wakacheka, wakalitupa majini.

Mlingoti ukasimamishwa, na juu yake vikombe vya kupimia upepo. Adhuhuri, ziwa likiwa kimya na moshi wa majiko ukipanda wima, vikombe vilizunguka tu. Mbuzi wakakataa kula majani pale.

"Hii ndiyo upepo bora kwa hii shore yote!" Wanyonyi alichekelea, na shati lake halikupepea hata kidogo.

Milka alitafuta yago jingine, akalibeba kichwani mpaka uwanjani alizike upya. Jembe likagonga saruji. Akajaribu upande wa pili, saruji. Akaanza kulia, akimwita Dalmas kwa jina. Mara vikombe vikasimama.

Milka akashusha pumzi. Amenisikia, alijiambia, ametulia. Akajitwika yago lake, akarudi nyumbani moyo mweupe.

Alimkuta Dishon, shemeji yake aliyemrithi kuwa mke, ameketi nje juani, nguo zake zimefungwa ndani ya shuka.

"Unaenda wapi?"

"Mwenye nyumba amerudi," Dishon alisema bila kumtazama. "Ningemwambia nini? Hiyo kitanda ni yake."

Kwenye sakafu aliyoikandika Milka asubuhi palikuwa na nyayo za maji. Ziliingia, hazikutoka. Ndani mtu akakohoa, kisha akauliza kwa upole kama chakula kiko tayari.

Siku alipozama, Milka alimlilia mtu huyu mpaka sauti ikakauka, akimwomba arudi. Sasa alisimama mlangoni na yago kichwani, akimwomba Mungu Dalmas asimtokee.