Mrekebishaji wa Ramani ya Mirihi

Dokta Nkwabi, mkuu wa idara katika chuo kimoja kule Ilemela, alisikia kuna programu huria, ya bure kabisa, inayotumiwa na wanasayansi wa nje kuonyesha ramani za sayari ya Mirihi kwenye mtandao. Akaitaka.

"Wewe Koku ndiye fundi wetu wa kompyuta," alimwambia Kokuberwa. "Iweke hapa chuoni, wa Dar wajue na huku kwetu watu wapo."

Haikuwa mchezo. Maelekezo yaliandikwa kwa ajili ya watu wenye seva mpya. Ya Kokuberwa ilikuwa kuukuu, feni yake ikinguruma kama mashine ya kusaga. Picha za sayari zikishuka nusu, umeme unakatika, anaanza upya. Siku Mirihi ilipojitokeza kwenye skrini, nyekundu, imejaa mashimo, alicheka peke yake kama mwendawazimu.

Kisha akaona kasoro. Shimo ambalo vitabu vinasema lina upana wa kilomita arobaini na tano, ramani ilionyesha themanini na nne. Siku tisa alihangaika, hata wali wa mchana akawa anasahau. Mwishowe akaukuta mstari mmoja ndani kabisa ya programu: ulipima umbali kana kwamba Mirihi ni kubwa sawa na Dunia. Akaurekebisha.

"Watumie wenyewe walioitengeneza," Dokta akasema. "Lakini tumia akaunti ya idara."

Akaunti ya idara ilikuwa na jina moja tu, la Dokta Nkwabi. Kokuberwa alisita. Lakini mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na mwenye kuusaini ni huyohuyo. Akatuma.

Watengenezaji walishukuru sana. Baada ya miezi miwili wakamwalika mrekebishaji kwenye mkutano wao, ng'ambo, aeleze alivyoing'amua kasoro ile.

Dokta alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Dada Koku, kaa." Hakuwahi kumwita dada. "Nifundishe kidogo kuhusu ule mstari. Wakiniuliza nisiumbuke."

"Kwa nini wasimwulize aliyeupata?"

"Mwaliko una jina langu."

"Jina lako niliandika mimi, Dokta. Kwa vidole hivi."

Dokta alizipanga kalamu zake mezani moja moja. "Watu hubebana, Koku. Leo mimi, kesho wewe."

"Waandikie ukweli, nami nitakufundisha kila kitu. Usipoandika, sifundishi."

"Sawa," akasema kwa upole. "Nenda kaendelee na kazi."

Alisafiri bila kufundishwa. Venant, karani wa idara, alimsimulia Kokuberwa baadaye kwamba Dokta alipoulizwa swali alijibu tu, "Hayo madogo walinisaidia vijana wangu," na ukumbi ukapiga makofi. Mkataba wa Kokuberwa ulipokwisha mwezi wa sita, hakuna aliyeusaini.

Akapata kibarua Buzuruga, karibu na stendi, kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Hapo ndipo Venant alipomkuta mwaka uliofuata.

"Ramani imezima tangu Februari," alisema. "Hakuna anayeiweza. Dokta anaomba upite Jumamosi. Siku moja tu."

"Amekupa barua?"

"Barua ya nini?"

"Ya kusema kazi ile ilikuwa ya nani."

Venant aliinamisha kichwa. "Koku, unamjua yule."

"Namjua. Ndiyo maana nataka barua."

Venant aliondoka, hakurudi tena. Siku nzima Kokuberwa alifanya kazi kichwa juu. Jioni, wateja walipopungua, akawaandikia watengenezaji, akawaeleza yote tangu mwanzo: shimo, zile siku tisa, akaunti ya idara.

Jibu lilikuja baada ya siku chache, la heshima kabisa. Walisema wamesikitika, nao wangependa kulisahihisha jina. Ila waliomba awatumie kumbukumbu za kazi yake, zenye tarehe, kutoka kwenye mashine aliyoitumia.

Kokuberwa alilisoma mara mbili. Kumbukumbu zote zilikuwa kwenye seva ileile, na alikwisha sikia kwamba haikupita wiki tangu akatae kwenda, Dokta akaiuza kama chuma chakavu. Angekwenda Jumamosi ile, angezipata.

"Dada, cheti cha kuzaliwa, kopi tatu," mteja alisema kaunta.

Kokuberwa alifunga ukurasa, akanyoosha mkono kupokea cheti.