Mlango Mfupi wa Pango Letu

Pango letu la Marangu alilichimba babu yake Kornel, mume wangu, wafiche watoto na ng'ombe wavamizi wakija. Mlango waliufanya mfupi makusudi, adui atangulize kichwa akute rungu linamngoja. Mwaka wa sabini na nne akaja ofisa kutoka Moshi, Damian, akasema sasa litafunguliwa kwa wageni, na mgeni haingii kwa magoti. Akapigilia vigingi kuonyesha pa kupanua.

Kimoja kikakaa juu ya kifua cha Kornel.

Tulikuwa tumemzika hapo mgombani karibu na mlango, tukapanda isale, mmea wetu wa makaburi, kumzunguka. Nikamwambia Damian. Akajibu ramani imeshapita, mzee atahamishwa kwa heshima.

Tangu hapo sikutulia. Nabandika ndizi, natoka. Naenda kukata majani ya ng'ombe, narudi mikono mitupu. Mwisho nikang'oa vigingi vyote nikachochea moto. Vilipika vizuri.

Damian alikuja amefura. "Mama, hiyo ni mali ya serikali. Nitakupeleka polisi."

Nikamnyooshea jani la isale lenye fundo. Yeye ni Mchagga mwenzetu wa Kirua Vunjo, anajua ukiombwa msamaha kwa isale unasamehe tu, hata kama umeibiwa mke. Akalipokea kama kaa la moto, akaenda kupigilia vingine.

Nikapikia na hivyo. Nikampelekea isale jingine.

Mara ya tatu aliponiona naja nalo, akatia mikono yote mifukoni. Alikuwa na shemeji yangu Gidioni, mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo mama. Leo usiniombe msamaha."

"Marahaba. Sasa nikikukosea nikuombe nini, chumvi?"

"Mwenyekiti, mwambie shemeji yako serikali haina isale."

"Lakini wewe una mama," nikasema, "na sokoni tunakaa jirani. Nimwambie ulikataa?"

Gidioni akageukia migomba, mabega yakimtikisika.

"Unataka nini, mama?" Damian akauliza.

"Kornel asiguswe."

"Na wageni?"

"Wapige magoti. Kanisani si wanapiga?"

Akatoa mkono mfukoni, akalipokea. Hakupigilia kitu tena. Ofisini alieleza mlango uachwe kama wazee walivyouacha, kwa ajili ya historia, akasifiwa sana.

Wageni wakaanza kuja. Wengi nimewajua makalio kabla ya sura. Kornel yupo pale pale, ila nikisikia sauti zao zinapita chini yake naacha jembe, naenda kusimama hapo mpaka wa mwisho atoke.