Mtihani Uliokuwa Rahisi

Shem ndiye aliyenifungua macho kwamba mtu anaweza kumalizia digrii kwa mitihani tu, bila kukaa darasani. Ni Mkenya, na tulijuana kwa sababu sote wawili tulikuwa tukisoma kwa mtandao katika chuo kimoja cha Marekani, yeye biashara, mimi ualimu wa watoto wadogo. Unachagua somo unalolijua tayari, unakaa mbele ya kamera, ukifaulu chuo kinakuhesabia kana kwamba umelisoma muhula mzima. Shem alikuwa bingwa wa kujua mtihani upi ni rahisi. Aliibonyezabonyeza mitihani kama mama anayechagua nyanya sokoni Warwick, katika mji huu wa ugenini tunapoishi.

Mimi nilibakiza somo moja tu, lugha ya kigeni. Na nilikuwa na haraka, kwa sababu chuo kilitangaza kwamba programu yetu inafungwa mwisho wa Juni, na asiyemaliza anatoka mikono mitupu. Halafu kulikuwa na kazi. Katika shule ya mtaa wa Umbilo mimi ni mwalimu msaidizi, maana yake ni kwamba nafuta makamasi, nafunga viatu, na nafundisha somo zima mwalimu mwenyewe akiwa kwenye simu. Mkuu wa shule aliniahidi darasa langu mwenyewe kuanzia Julai nikileta digrii.

"Mama Bénie, wewe chukua Kiswahili," Shem aliniambia siku aliyokuja kutusalimia. "Mimi nilifanya hiyo. Ni mteremko. Unaongea kidogo, unaandika insha, umemaliza."

Mume wangu Léonard, anayefanya kazi kwenye ofisi ya makontena bandarini, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Swahili?" alisema. "Swahili iko ya kununulia sombe ku soko. Mutu anaweza pata diplôme na Swahili? Fanya français, Mama Bénie. Iko langue ya masomo."

Sikumbishia, maana hata mimi niliona hivyohivyo. Kwetu Bukavu Kiswahili kilikuwa cha uwanjani, na ukikiongea darasani unapigishwa magoti mbele ya wenzako. Hesabu, jiografia, hata somo la kunawa mikono, vyote nilifundishwa kwa Kifaransa. Nikaona hiyo ndiyo sababu ya kuchagua Kifaransa.

Nilifanya mtihani chumbani kwetu, mtoto wetu Bénie nikampeleka kwa jirani. Waliniuliza jinsi ya kukata tiketi ya treni na maana ya tangazo la nyumba ya kupanga. Karibu nione aibu. Alama zilitokea hapohapo kwenye skrini, na zilikuwa za juu kabisa. Léonard alicheza koridoni akiwa na soksi mguu mmoja, kisha akampigia mchungaji simu.

Kanisani kwetu, kwa Wakongo, mtu akipata jambo haliishii nyumbani. Kunafanywa matondo, yaani shukrani. Ukoo mzima unashona kitambaa kimoja, mnaingia mkicheza na vikapu vya zawadi mpaka mbele, halafu mwenye baraka anashika maikrofoni na kutoa ushuhuda. Léonard alichagua kitambaa cha bluu chenye ndege. Binamu zake wa mtaa wa Bluff wakashona, watoto wao wakashona, na dada Ninahazwe, kiongozi wa kwaya, akaanza kufundisha wimbo. Mimi nilijiachia nikafurahi, kwa nini niseme uongo.

Simu ya chuo ilikuja wiki ya matondo yenyewe. Alikuwa mshauri wa wanafunzi, msichana aitwaye Tiffany mwenye sauti ya asali. Alinipongeza kwa alama, kisha akaniambia hazitahesabiwa. Kanuni inasema mtu hapewi alama za lugha ya kigeni kwa lugha aliyosomea sekondari, na vyeti vyangu vya Bukavu, nilivyotuma mwenyewe kwa mkono wangu, vinaonyesha nilisoma kwa Kifaransa.

"Kwako wewe si lugha ya kigeni," alisema taratibu.

Maisha yangu yote sijawahi kusikia mtu akisema Kifaransa ni changu. Siku niliyosikia, kilikuwa kinaninyang'anya digrii.

Aliniuliza kama ninajua lugha nyingine yoyote. Nikamwambia Kiswahili, na akafurahi kwa dhati, masikini, akasema hicho kingekubaliwa bila shida. Nikamsikia akibofyabofya kompyuta yake. Halafu akanisomea alichokiona. Mtihani wa Kiswahili unasahihishwa na mtu, si mashine, na matokeo huchukua wiki kadhaa. Juni ilikuwa inaisha wiki iliyofuata.

Niliomba. Nilimsihi kama mtu anayemsihi daktari. Nikaomba kuongea na mkubwa wake, na mkubwa wake akanijibu maneno yaleyale kwa sauti nzito zaidi. Nilitamani mtu wa kugombana naye, lakini wote walikuwa wapole na wote walinipa pole. Mkuu wa shule naye alinipa pole, na Ijumaa akanitambulisha kwa mwalimu mpya.

Léonard nilimwambia Jumamosi asubuhi, akiwa anapiga pasi nguo za bluu. Nilikuwa nimeshindwa kumwambia siku zote hizo. Alisimamisha pasi.

"Banakatala kabisa?"

"Kabisa."

"Nisha ambia pasteur. Batu ba Bluff basha pika." Alikaa kitandani. "Kesho utasema nini?"

"Nitasema ukweli, Papa Bénie."

"Basi sema," alisema, akaendelea kupiga pasi.

Jumapili ukumbi ulijaa. Tuliingia tukicheza, ndege wa bluu kila upande, akina mama wakipiga vigelegele. Nikapewa maikrofoni.

"Miaka sita nimetafuta digrii," nilisema.

"Amina," wakajibu.

"Nilifaulu mtihani wa mwisho, na wakaukataa."

"Amina!" Sasa walijibu kwa nguvu zaidi, wengine wakasimama. Hapo ndipo nilipoona nimenaswa. Kwetu ushuhuda huanza na mateso, na shimo likiwa refu ndipo watu wanapofurahia zaidi, kwa sababu wanajua kinachokuja. Walikuwa wananisubiri niseme, "Lakini Mungu akatenda."

"Programu yetu inafungwa," nilisema. "Digrii sina. Darasa wamempa mwingine. Imeishia hapo, wapendwa. Hakuna zaidi."

Walisubiri. Mchungaji alinitikisia kichwa akitabasamu, akinitia moyo niendelee. Nilifungua mdomo, yakatoka machozi tu. Ninahazwe akadhani furaha imenizidi, akainua mkono, na kwaya ikalipuka kwa wimbo wa ushindi. Vikapu vikaanza kupita. Léonard akanishika kiuno, uso wake ukitazama sakafu, na kwa kuwa watu wote walikuwa wanatuzunguka, tukacheza.

Mama mmoja mzee alijipenyeza mpaka kwangu. Akanifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake, akaniinamia sikioni.

"Félicitations," alinipongeza. "Sasa uko mwalimu wetu."