Marsela Alipoacha Utani

Kwa miaka thelathini na mmoja Marsela hakuwahi kumsalimia Thadei kama watu wanavyosalimiana. Akimkuta barabarani pale Makanyagio, huanza kwa kumtukana.

"We Mfipa, bado unatembea? Nilisikia radi yako imekosea njia ikakupiga mwenyewe."

"Ilikuwa inakutafuta wewe, Mnyamwezi. Ilikukosa kwa sababu ulikuwa umejificha chini ya mzigo wa watu."

Hapo watacheka mpaka waliokaa barazani wacheke nao, kisha kila mtu aendelee na njia yake akiwa mwepesi. Wafipa na Wanyamwezi ni watani, wale huchekwa kwa radi za kurogwa, hawa kwa upagazi wa zamani, na mtani hakasirikiwi. Siku mama yake Thadei alipozikwa, Marsela alijilaza ukingoni mwa kaburi akaapa kwamba marehemu hashuki mpaka yeye apewe jogoo. Thadei alikuwa hajatia chakula mdomoni siku mbili. Alijikuta anacheka huku machozi yanamchuruzika, na jioni ile akala. Tangu siku hiyo alimhesabu Marsela kuwa zaidi ya ndugu.

Lakini utani wake ulikuwa na meno. Mwaka mmoja alimletea Thadei barua yenye muhuri, ikisema Wafipa wote wa Makanyagio wafike asubuhi kwenye josho wakaogeshwe pamoja na ng'ombe. Thadei, ambaye alikuwa mkagua tiketi wa treni ya Mpanda na aliyaheshimu makaratasi kuliko kitu chochote, alisoma nusu, akaona muhuri, akavaa koti akaenda. Muhuri ule Marsela aliuchonga kwenye kiazi. Soko zima la Kashaulili lilicheka wiki mbili, na Thadei akaapa kwamba karatasi yoyote itakayotoka mkononi mwa mwanamke yule hataiamini tena hadi kiama.

Ndipo ikaja ile Julai ya mwaka elfu mbili ishirini na moja, wimbi la tatu la korona. Watu walianza kukohoa na kupotea. Gaspar, mdogo wake Thadei, alikohoa siku sita tu, wakamzika. Kamati ya kigango ikaamua kwamba asiyevaa barakoa haingii kanisani, na ikamweka Thadei mlangoni. Nani mwingine? Mtu aliyekagua tiketi kwa miaka ishirini na saba hashindwi na mlango mmoja. Alisimama hapo na ndoo ya maji yenye koki, sabuni, na boksi la barakoa za kitambaa kwa waliosahau zao. Hakuna aliyejua kwamba kila aliponawisha watu mikono alikuwa akimfikiria mmoja tu: Romana, mke wake, mwenye kisukari cha miaka mingi, aliyekaa benchi la tatu upande wa akina mama. Jirani yake kwenye benchi hilo, tangu zamani, ni Marsela.

Jumapili ya pili Marsela akaja bila barakoa.

"Mnyamwezi, mdomo huo unaupeleka wapi bila kifuniko?"

"Kwa Mungu, maana wewe umeshindwa kuufunga." Alisema hivyo, lakini hakucheka. Akatoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa mara nne. "Soma, Thadei. Soma kimyakimya."

Kama Thadei angekuwa makini, angegundua kwamba ameitwa kwa jina lake. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na yeye alikwisha kuona alichokiona: nusu ukurasa wa daftari la shule, mwandiko wa haraka, na muhuri uliofifia kama umegongwa kwa kitu kisicho muhuri. Akaangua kicheko.

"Jamani, njooni muone! Kiazi kimerudi!" Akaiinua karatasi juu, akasoma kwa sauti ya kutangaza vituo vya treni. "'Mama huyu ana pumu kali, na moyo wake umetanuka. Asilazimishwe kuvaa barakoa.' Moyo umetanuka! Ndiyo maana hautoshi kwenye barakoa!"

Foleni ilicheka. Ilikuwa imezoea kucheka wawili hawa wakikutana. Marsela akangoja kicheko kiishe, akanyoosha mkono, akachukua karatasi yake, akaikunja mara nne kama ilivyokuwa, akarudi nyumbani. Thadei akabaki akingoja tusi la kufungia. Halikuja.

Alasiri ya siku hiyohiyo Prisila, mganga kijana wa zahanati, alisimamisha bodaboda mbele ya nyumba ya Thadei.

"Shikamoo, baba. Ile karatasi ni yangu."

"Marahaba. Karatasi ipi?"

"Uliyoisoma mlangoni. Fomu zilikuwa zimeisha, nikachana daftari. Wino wa muhuri nao ndio huo uliouona. Sikuandika ili isomewe kanisa zima, baba."

Thadei alikaa kwenye kigoda. Kisha, kama mtu aliyebanwa, akasema kwa ukali: "Na wewe unajua mke wangu Romana anaumwa nini. Unampaje mtu karatasi ya kukaa naye benchi moja, mdomo wazi, wakati huu?"

"Nilimwandikia asivae. Sikumwandikia akae wapi. Hilo nilidhani nyie wawili mtalizungumza, maana huwa hamuishiwi maneno."

Habari ilikuwa imekwisha kufika mbali. Marsela alikuwa akiuza mchele soko la Kashaulili, na kifua chake alikificha hata kwa wanawe, kwa sababu alijua watakachosema. Na ndicho walichosema. Kabla ya Jumatatu kuisha, mwanawe Heri alikwisha kupiga simu kutoka Tabora: mama afunge meza, aachane na vumbi la mchele, aje akae kwake alelewe. Mwanamke aliyejilisha mwenyewe tangu ujana aambiwe akalelewe!

Asubuhi ya Jumanne Thadei alikutana naye karibu na mashine ya kukoboa. Alijiandaa. Aliyatamani matusi kama mwenye kiu anavyotamani maji. Hata radi tatu zingempiga angeshukuru. Marsela akasimama, akainamisha kichwa kidogo.

"Habari za asubuhi, Mzee Thadei."

"Nzuri, mtani. Wewe je?"

"Nzuri tu, namshukuru Mungu. Nisalimie mama nyumbani."

Akapita. Thadei alibaki amesimama katikati ya njia mpaka baiskeli ikampigia kengele. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba heshima inaweza kuuma kiasi kile.

Alimweleza Romana wakati wa chakula. Romana alikuwa akichambua maharage ya kesho, hakuinua uso.

"Baba Jeniffer, pale mlangoni ulikuwa unamlinda nani?"

"Unajua ninayemlinda."

"Hukuniuliza. Umenifanya mimi kuwa sababu na hukuniuliza. Marsela ndiye aliyekuwa anapiga magoti kunifulia nikiwa na mimba ya Jeniffer, nikishindwa kuinama. Leo watu wanadhani amefukuzwa kwa ajili yangu."

"Nilidhani ni utani wake."

"Najua. Na baada ya kujua kwamba si utani, umefanya nini? Umengoja akutukane ili yaishe."

Neno hilo lilimkaa moyoni. Kesho yake alimkamata jogoo wake mwekundu, mkubwa kuliko wote, akamfunga miguu, akaenda naye sokoni mpaka kwenye meza ya Marsela. Mtani akikosea hutozwa faini. Ndivyo ilivyo tangu mababu, na faini ikishaliwa kosa limekufa. Alivaa barakoa, akasimama hatua mbili mbali.

"Mnyamwezi, nimekuja kujishtaki. Nitoze. Jogoo huyu, na kama hatoshi, sema."

Marsela alikuwa akimpimia mteja. Alimaliza kupima, akafunga mfuko, akapokea hela, akashukuru.

"Mrudishe jogoo wako, Mzee Thadei. Faini ni ya utani. Lile halikuwa utani."

"Kwangu lilikuwa utani."

"Kwako, ndiyo. Mimi nilikwambia usome kimyakimya."

Jogoo akapiga mabawa. Muuza dagaa wa meza ya jirani akaanza kucheka akidhani mchezo umeanza, akaona nyuso zao, akanyamaza. Thadei alijaribu kutafuta la kuchekesha, maana ndiyo lugha pekee aliyowahi kuzungumza na mwanamke huyu. Hakulipata. Akamweka jogoo chini, akachuchumaa kando ya gunia, akasema alichokuwa hajamwambia mtu.

"Naogopa, Marsela. Gaspar nilimpeleka hospitali akiwa anatembea kwa miguu yake. Nilimrudisha kwenye gari la kubebea mahindi. Sasa usiku Romana akikohoa mara moja, mimi silali tena. Nahesabu. Kila anayepita mlango ule namuona kama ndiye atakayemletea. Hata wewe. Nilipoona karatasi yako nilifurahi kwamba ni ya uongo, kwa sababu ingekuwa kweli ningelazimika kuchagua kati yako na yeye."

Marsela alizungusha kibaba kitupu mkononi. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwa sauti nyembamba, kama mlango mbovu wa mbali, na Thadei akashangaa jinsi alivyoisikia sauti ile kwa miaka na kudhani ni kicheko kinachojiandaa.

"Ile barakoa niliijaribu," Marsela akasema. "Nilijaribu nyumbani peke yangu siku tatu. Nilianguka jikoni. Ndiyo nikaenda kwa Prisila. Unadhani Romana simfikirii? Kama ungeniambia hayo mlangoni, kwa sauti hiyohiyo ya sasa, ningegeuka mwenyewe nikakae chini ya mti na rozari yangu. Lakini ulinichekea. Na sasa Heri anataka kuja kunichukua kama gunia."

"Heri nitampigia mimi."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia ukweli. Kwamba mama yake ana akili kuliko sisi wote, na anajua kifua chake. Kwamba magunia tutayasogeza upande wa upepo, na wa kupepeta atafutwe mwingine."

"Hatakusikiliza. Ni Mnyamwezi yule."

Thadei alinyanyua macho haraka, lakini uso wa Marsela ulikuwa bado mgumu. Neno lile la utani lilimtoka tu. Akaondoka na jogoo wake kwapani.

Simu kwa Heri ilichukua karibu saa nzima na vocha mbili. Kijana alikuwa na hasira ya haki, na Thadei hakumkatisha. Aliomba msamaha wa kuitangaza siri ya mama yake, akaeleza habari ya magunia na upepo, akaahidi kwamba Prisila atampima mama kila wiki na yeye Heri atapigiwa simu. Mwishoni Heri akasema, "Sawa, mzee. Tutaangalia hadi mavuno. Lakini akianguka tena naja siku hiyohiyo."

Kamati nayo haikuwa rahisi. Mzee Evarist, katekista, alisema wakimruhusu mmoja, kesho kila mtu ataota pumu. Mwingine akasema mgonjwa akae nyumbani asali huko. Thadei aliwasikiliza, kisha akasema mwenye karatasi ya mganga ataionyesha kwa mtu mmoja tu, nayo haitasomwa kwa sauti, na atakaa nje kwenye benchi chini ya madirisha, mahali penye upepo, asikie misa yote na kupelekewa komunyo palepale.

"Na Marsela atakubali kukaa nje kama aliyefukuzwa?" Evarist akauliza.

"Hatakaa peke yake," Thadei akasema. "Mlango mpeni mtu mwingine."

Jumapili alifika mapema, akabeba benchi mwenyewe. Hakuwa na hakika kwamba Marsela atakuja. Kengele ya kwanza ililia, ya pili ikalia, watu wakaingia wakimwangalia. Kisha akamwona anapanda njia taratibu, akipumzika kila baada ya hatua kadhaa, kitenge chake cha kijani kimepigwa pasi. Akaliangalia benchi. Akamwangalia Thadei, aliyekaa mwisho kabisa wa upande mmoja na barakoa yake usoni. Akakaa mwisho wa upande mwingine. Kati yao palibaki nafasi ya watu wanne.

Misa ikaanza. Kwaya ya ndani iliimba kwa midomo iliyofunikwa, na kutoka nje, chini ya dirisha la tatu, sauti ya Marsela ikaingia wazi, ikikatika pale pumzi ilipokosekana na kurudi ilipopatikana. Romana, ndani, alihama benchi lake, akasogea mpaka dirishani.

Ilipofika wakati wa kutakiana amani, watu hawakushikana mikono; waliinamiana tu. Thadei akageuka, akainama kwa Marsela. Marsela akainama kwake. Akabaki akimtazama kwa muda mrefu kuliko amani inavyohitaji, tokea kipara hadi ndevu zilizochomoza pembeni mwa kitambaa.

"Mfipa," akasema, "nimekaa hapa tangu mwanzo najiuliza huyu ni nani. Kumbe ukifunikwa nusu unafanana na mtu."

Ndani ya dirisha Romana alijiziba mdomo juu ya barakoa. Mabega ya Thadei yalianza kutikisika, na hakuna aliyeweza kujua kama ni kicheko au ni kile kingine. Alifungua mdomo ajibu. Alikuwa na matusi ya miaka thelathini na mmoja akibani, mengine hajawahi kuyatumia hata mara moja, na sasa hakuna hata moja lililokuja.

"Jibu basi," Marsela akamhimiza, akijifuta shavu kwa ncha ya kitenge. "Padri anakungoja wewe."